Kiti Kimoja Kabla ya Jumapili

Jumapili, 3 Agosti

Mke wangu ametangaza vita. Ameitangaza wakati wa chai, kwa upole, huku akipaka siagi mkate. Amesema Jumapili ijayo mama yake anakuja kula mchana, na safari hii mama hatakalia kopo la rangi. Viti sita niliviahidi miaka miwili iliyopita. Sasa hataki sita. Anataka kimoja, chenye miguu minne, kinachokalika, kiwe mezani Jumapili saa saba. La sivyo chumba cha nyuma ni chake, cherehani yake inatoka koridoni inaingia humo, na mimi na vikorokoro vyangu tutajua pa kwenda.

Vikorokoro. Naliandika neno hilo hapa ili vizazi vijavyo vilione.

Chumba hicho ni karakana. Humo kuna msumeno ambao mpini wake niliuchonga kwa mkono wangu, na randa yenye ulimi uliotokana na kisu ambacho mke wangu bado anakitafuta jikoni. Sijanunua hata kifaa kimoja. Huo ndio msimamo wangu, na nimeutetea mbele ya walimu wenzangu hadi wameanza kunihama mezani. Anayenunua kifaa dukani amenunua mawazo ya mtu mwingine, yakiwa yamefungwa kwenye nailoni. Nafundisha historia, nayajua haya. Binadamu alichonga milango na ngoma na vinu kabla hajaandikiwa risiti.

Ni kweli kwamba kiti hakijaanza. Lakini mtu hachongi kiti kwa meno. Kwanza vifaa.

Mbao zipo. Nimezihesabu leo. Vipande tisa vya mbao ngumu nyekundu, vikavu, vimenyooka, vimeegemea ukuta tangu mwaka juzi. Miguu minne, pande nne za kikalio, ubao mmoja wa kuegemea. Tisa. Kamili. Shule imefungwa na wiki nzima iko mbele yangu. Namhurumia mke wangu.

Jumatatu, 4 Agosti

Miguu ya kiti lazima iwe ya duara. Miguu ya mraba ni ya meza za ofisini. Ili kukereza duara unahitaji kerezo, mtambo wa kuizungusha mbao huku ukiichonga. Kerezo sina. Nitalitengeneza.

Nimekwenda ng'ambo ya barabara kwa Mama Spoki kuomba ekseli ya baiskeli. Mama Spoki ni fundi baiskeli. Kibanda chake ni kidogo kuliko bafu letu, na sijawahi kutoka humo bila wivu. Leo alikuwa ananyoosha gurudumu lililopinda. Kifaa cha kulinyooshea amekitengeneza kwa pembe ya kitanda cha chuma kilichotupwa. Spana yake moja ni nondo iliyokunjwa. Patasi yake ilikuwa tupa, akainoa ncha. Vifaa vyenyewe ni vibaya kwa macho. Havina umbo, havina rangi, vimefungwafungwa kwa tyubu. Lakini gurudumu lilizunguka mbele yangu likatulia kama sahani. Nimesimama pale nusu saa nzima na sikubishana na mtu yeyote. Mke wangu nilipomweleza ameniuliza kama naumwa.

Nimemuuliza Mama Spoki kifaa kile cha kunyooshea kilimchukua muda gani. Amesema alikitengeneza siku moja baada ya chakula, kabla ya mteja kurudi. Amesema mteja alikuwa na haraka. Kisha akaniuliza, Mwalimu, na wewe kiti kinaendeleaje. Nimemjibu kwamba tuko hatua ya mitambo.

Nguzo mbili za kerezo nimezikata kutoka kwenye zile mbao nyekundu. Kerezo linataka mbao ngumu. Vipande viwili tu.

Jumanne, 5 Agosti

Kerezo bila nguvu ni fremu tu. Nimefikiri usiku kucha nikapata jibu alfajiri: pedali ya cherehani. Ina gurudumu zito, ina mkanda, na ipo koridoni bure kila mke wangu anapotoka kupeleka nguo za wateja.

Ametoka saa nne. Saa nne na dakika tano nilikuwa nimeshaunganisha. Nilifunga kipande kimoja cha mbao katikati ya nguzo mbili, nikakanyaga pedali, na naandika bila kutia chumvi: mbao ilizunguka. Ilizunguka vizuri. Vumbi jekundu likaruka, harufu ikajaa koridoni, na kwa muda wa kama dakika moja hivi nilikuwa binadamu wa kwanza.

Halafu patasi ikang'ang'ania. Mbao ikachomoka, ikapita juu ya bega langu, ikagonga mlango wa bafu, ikarudi. Mkanda wa cherehani ukakatika.

Nimetengeneza mkanda mwingine kwa kipande cha tyubu. Umefungwa fundo moja, dogo, imara. Nimefagia. Mke wangu amerudi, ameketi, ameshona. Kila mkanda ukizunguka, fundo linagonga, sindano inaruka mshono mmoja. Kola ya blauzi ya mteja imetoka na mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza.

Kwa kawaida mke wangu huniita mwalimu. Akiniita mume wangu, nyumba ina hatari. Leo ameniita mume wangu mara tatu. Ameniuliza, mume wangu, kwa nini cherehani inanuka mbao.

Mama Spoki ameitwa. Ameung'oa mkanda wangu, amekata ukanda mrefu kutoka kwenye tyubu nyingine, amenoa ncha zote mbili zikawa nyembamba, amezilaza moja juu ya nyingine kwa solusheni ya pancha. Hakuna fundo. Kidole changu hakikuweza kupata mahali ulipoanzia. Kazi ya dakika saba. Ule ulikuwa ufundi mtupu, nami nikamwambia hivyo mbele ya watu. Mke wangu amesema afadhali kuna mtu anayemaliza kitu katika mtaa huu.

Ile mbao iliyoruka ilipasuka kidogo kwenye ncha. Haifai tena kwa mguu. Nimeifanya mpini wa nyundo ya mbao. Mpini mrefu, wenye heshima.

Jumatano, 6 Agosti

Kerezo limepigwa marufuku. Basi. Miguu itakuwa ya mraba. Miguu ya mraba ina historia ndefu na safi.

Leo kibano. Kiti hugandishwa kwa gundi, na gundi bila kubanwa haishiki. Dukani kuna vibano vya chuma vinavyong'aa, vimepangwa kama mapambo, na muuzaji anakutazama kana kwamba bila yeye mbao zote duniani zingeachana. Sikuingia. Nilipita nje nikamtazama na mimi.

Nina jeki ya gari. Gari liliuzwa, jeki ikabaki. Jeki inasukuma. Ukiiweka ndani ya fremu pamoja na kiti, inakisukuma kiti kwenye ukuta wa pili wa fremu, nacho kinabanwa. Sijaona mahali popote palipoandikwa jambo hili. Fremu imetaka mbao nne, za pande zote nne.

Shemeji amefika jaribio likiendelea. Ni kaka wa mke wangu, ana keekee ya umeme ya kutobolea ndani ya sanduku la plastiki lenye mahali pa kila kitu, na nadhani hulala nalo. Ameegemea ukuta wangu pale penye mbao, akaniuliza kama hii ni mashine ya kutengeneza kiti au ya kung'olea watu meno. Amesema shemeji, sema neno moja tu, kesho nakuletea kiti kutoka dukani, mama hatajua. Nimemwambia mama hatajua lakini kiti kitajua. Amecheka mpaka akakohoa. Mke wangu naye amecheka, jikoni, akidhani simsikii.

Nikapiga jeki mara sita kumwonyesha. Jeki haijui adabu. Misumari ya fremu ilichomoka mmoja baada ya mwingine, kwa mlio kama wa vifungo vya shati vikikatika, na pembe moja ya fremu ikamgusa shemeji mguuni. Akaondoka akichechemea na sanduku lake.

Fremu nimeifunga upya kwa waya. Sasa ni imara. Siku imekuwa nzuri.

Alhamisi, 7 Agosti

Msasa. Nimetengeneza wangu kwa mchanga uliochekechwa mara tatu, uji wa ngano, na gazeti lenye barua yangu kwa mhariri kuhusu kudorora kwa kazi za mikono. Nimesugua. Mchanga ulibaki kwenye mbao, hoja zangu zikahamia kwenye vidole. Saa tisa sisimizi walikuwa wamekuja kula uji.

Mchana jiliwa. Huwezi kuukata ulimi wa kiungo, ile ncha inayoingia kwenye tundu, kama mbao inachezacheza. Jiliwa ni taya mbili zinazobana, na skrubu kubwa katikati. Skrubu nimeipata kwenye kiti cha zamani cha kinyozi. Taya zimetaka vipande viwili vya mbao nyekundu. Jiliwa limekamilika saa kumi na moja, na ni zuri. Nimebana kidole changu mwenyewe kidogo kulijaribu. Linabana.

Nimemwita mke wangu aje alione. Amelitazama muda mrefu. Amesema ni zuri kweli. Halafu akauliza linabana nini. Nimesema mbao za kiti. Amesema zipi.

Sikuelewa swali.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeibiwa.

Asubuhi nilioga, nikanoa randa, nikapanga vifaa vyote juu ya meza, nikageuka kuchukua mbao za kiti. Ukuta ni mtupu. Vipande tisa vimeondoka na sijui lini. Nimetazama nyuma ya mlango, chini ya meza, juu ya dari. Kuna vumbi na kivuli cha mahali vilipokuwa.

Mtu mmoja tu wa nje ameingia humu wiki hii. Mtu mmoja tu aliegemea ukuta huo. Mtu ambaye kushindwa kwangu kungemfurahisha kuliko mshahara.

Nimemwandikia shemeji ujumbe kwenye simu. Nimeuandika kwa nusu saa. Nimemwita mporaji wa mbao, kibaraka wa maduka na adui wa mikono ya binadamu. Nimemkumbusha kwamba tawala kubwa kuliko yeye zimeanguka kwa tamaa ndogo kuliko hii. Nimemaliza kwa kumpa hadi saa kumi. Nimetuma. Alama mbili zimetokea: amesoma. Hajajibu. Mwenye hatia hukosa maneno.

Saa kumi imepita. Mke wangu amepima upana wa chumba cha nyuma kwa futi yake ya kushonea. Amepima dirisha pia. Ameandika vipimo kwenye karatasi na kuikunja.

Nimeketi kwenye karakana yangu nikaitazama. Nguzo za kerezo, fremu ya jeki, jiliwa. Nitaikosa harufu hii. Kesho kutwa kutakuwa na pazia.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwenda kwa Mama Spoki mapema kumweleza wizi. Alikuwa na gurudumu magotini. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo watu hawanifanyii mara nyingi. Akaweka gurudumu chini, akachukua mfuko wake wa vifaa, kamba nyembamba na kipande cha chaki, akafunga kibanda, akasema twende.

Alipoingia karakana aliuliza ni nani atakayekikalia kiti. Nilianza kumweleza urefu unaofaa wa viti kwa mujibu wa vitabu. Akamgeukia mke wangu. Mke wangu akaweka kiganja pembeni ya goti lake, akakishusha kidogo, akafikiri, akakishusha tena. Akasema mama ni mfupi, na tangu nyonga zianze kumsumbua hawezi kuruka juu. Mama Spoki akapima kutoka sakafuni hadi kwenye kile kiganja, akafunga fundo kwenye kamba. Kipimo chote ndicho hicho. Mimi nina miaka miwili na mradi huu na sikuwahi kuuliza swali hilo.

Kisha akaanza kuzunguka chumba na chaki. Aliweka alama kwenye nguzo ya kerezo. Akasema, mguu. Akaweka kwenye nguzo ya pili. Mguu. Kwenye mpini wa nyundo. Mguu, ukikatwa ncha. Kwenye fremu ya jeki akaweka alama nne. Kwenye taya za jiliwa mbili. Alipofika ya tisa akapuliza chaki kwenye vidole, akasema Mwalimu, mbao zako hizi hapa, hazijatoka hata mlangoni.

Mke wangu alikwenda kutazama nje ya dirisha. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Nilisema kwamba kitaalamu zilikuwa zimehamishwa. Mama Spoki akafungua mfuko wake.

Sasa naandika nilichokiona, maana kinastahili kuandikwa vizuri. Alibomoa mitambo yangu yote kwa ile spana ya nondo, bila kupasua kitu. Kwa sababu kiti ni kifupi, hata vipande nilivyovikata vilitosha. Alikata kwa msumeno wangu. Akasimama katikati ya kukata, akautazama ubapa wake, akasema msumeno huu umenyooka. Alisema hivyo hasa: msumeno huu umenyooka. Matundu aliyatoboa kwa ekseli ya gurudumu la mbele aliyoiponda ncha na kuinoa, akaizungusha kwa upinde wa kamba, mbele nyuma, mbele nyuma, na tundu lilitoka safi kama lililopigwa kwa mashine. Nilichonga vigingi. Alivikataa viwili, akavikubali sita. Gundi ilipopakwa nilimuuliza kwa dhati, na bila jeki tutabana na nini. Alichana tyubu mbili za baiskeli zikawa mikanda mirefu, akakizungusha kiti kama anayefunga bandeji, akivuta kila mzunguko. Gundi ikatokeza kwenye kila kiungo, sawasawa pande zote. Mimi na jeki, siku nzima. Yeye, muda wa kunywa chai.

Kikalio hakikuwepo. Nilikisahau kwenye hesabu. Mke wangu akaja na mfuko wa pindo za vitambaa, akakaa sakafuni, akaanza kusuka katikati ya zile pande nne, juu, chini, juu, chini, bila kutazama mikono yake. Wale wawili walikuwa wanaongea habari zangu kana kwamba mimi ni jiliwa. Mama Spoki alisema mwalimu ana mkono mzuri, kichwa ndicho kinauchelewesha. Mke wangu alisema ndiyo maana bado yuko naye. Sikujua nichukie sehemu gani ya sentensi hiyo, kwa hiyo nikawashikia taa, maana giza lilikuwa limeingia.

Jumapili, 10 Agosti

Saa saba kamili kiti kilikuwa mezani.

Mama mkwe alikitazama, akakishika mgongo, akaketi. Nyayo zake zote mbili zilitua sakafuni. Akasogeza nyayo kidogo, akazirudisha. Akasema miaka hii yote kila anapokwenda kula kwa watu miguu inaning'inia kama ya mtoto, na anashindwa kula kwa raha kwa kuwaza namna ya kushuka. Akauliza nani amekitengeneza.

Nilimtazama mke wangu. Nilisema tumeshirikiana. Mke wangu akasema ni kweli mama, mwalimu ametoa mbao.

Halafu shemeji, aliyekuja na mama yake, akatoa simu na kuomba ruhusa ya kusoma kitu. Akasoma ujumbe wangu wote, kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, bila kuruka hata mstari. Alipofika kwenye adui wa mikono ya binadamu mama mkwe aliomba arudie. Nilieleza kwamba yale yalikuwa mashambulizi ya jumla dhidi ya mfumo. Shemeji akasema basi mfumo umekusamehe, nipitishie chumvi.

Mama mkwe hakuinuka hadi saa kumi na mbili. Alipoondoka alimwambia mke wangu kwamba viti vingine vyote viwe hivyo hivyo. Mke wangu akaitoa ile karatasi ya vipimo, akaikunjua, akaichana. Amesema chumba ni changu hadi mwisho wa mwezi. Viti vitano. Mbao ameagiza, zinafika Jumatano. Na ameniita mwalimu.

Mama Spoki ameniachia kamba yenye fundo. Amesema nifanye tulivyofanya, msumeno, kamba, tyubu, kiti kimoja kwa siku mbili bila presha.

Jumatatu, 11 Agosti

Karakana ni yangu. Nimeifungua alfajiri. Ni tupu kabisa. Meza, msumeno, jeki imelala pembeni kama askari aliyepoteza jeshi.

Namheshimu Mama Spoki kuliko fundi yeyote niliyewahi kumwona. Naandika hivyo wazi. Lakini yeye ni mtu wa kifaa kimoja kwa mteja mmoja, na njia yake inafaa kwa kiti kimoja. Viti vitano ni uzalishaji. Uzalishaji unataka mitambo. Mbao zikifika Jumatano zinikute na jiliwa, kibano na kerezo, hili la sasa likiwa na breki.

Tatizo ni malighafi. Mitambo inataka mbao ngumu, kavu, zilizonyooka. Mbao za namna hiyo hapa nyumbani zipo mahali pamoja tu. Nimekwenda kuzitazama. Nimezunguka na chaki. Ukikitazama vizuri, kile si kiti hata kidogo. Ni karakana nzima iliyokunjwa, na mimi peke yangu ndiye ninayejua namna ya kuikunjua.

Pindo za mke wangu nitazihifadhi kwa mpangilio, kwenye mfuko. Kitarudi mezani kabla mama yake hajafika tena. Ni mkopo wa siku chache tu.

Mke wangu anatoka saa nne kupeleka nguo.